Kutoka daftari la mahudhurio hadi yatokanayo: mwongozo wa haki za wanawake kwa viongozi wa kijiji, mtaa na kata

Fungua kabati la ofisi ya kijiji. Toa daftari la mahudhurio la mkutano mkuu uliopita, chukua kalamu nyekundu, hesabu wanawake waliosaini. Kisha toa muhtasari wa mkutano huohuo, uhesabu wanawake walioandikwa kuwa walichangia hoja.

Nimelifanya zoezi hili na watendaji katika vijiji kadhaa vya Bahi, Chamwino na Kongwa, wilaya za mkoa wetu wa Dodoma, nilipokuwa mwezeshaji, na mara nyingi tulikuta jambo lilelile. Kwenye daftari wanawake ni nusu, pengine wamezidi. Kwenye muhtasari yupo mmoja, naye ameandikwa hivi: "Mama mmoja alishauri kisima kitengenezwe." Mwanamume aliyesema kabla yake ameandikwa jina, jina la baba na kitongoji chake.

Mama mmoja ana jina. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu serikali ya kijiji huendeshwa kwa kumbukumbu. Hoja isiyo na mwenyewe kwenye muhtasari haina wa kuulizia mkutano ujao. Shamba lisilo na jina la mke kwenye masijala linaweza kumponyoka siku mume akifa. Fedha isiyo na kasma, yaani fungu lake, kwenye bajeti haitoki, hata kama diwani aliiahidi mbele ya halaiki. Ukiwa mwenyekiti, mtendaji, mjumbe, afisa maendeleo ya jamii wa kata au diwani, sehemu kubwa ya kazi hii iko ndani ya uwezo wako na haisubiri mfadhili.

Hatua ya 1: Andika hali ilivyo, ukurasa mmoja

Baada ya daftari na muhtasari, hesabu mambo mengine manne. Wanawake wangapi wana hati ya hakimiliki ya kimila, peke yao au pamoja na waume zao? Vikundi vingapi vya wanawake vimepata mkopo wa halmashauri, na vingapi viliomba vikakosa? Katika kila kamati ya kijiji wamo wanawake wangapi, na nani kati yao ni mwenyekiti, katibu au mweka hazina? Mashauri mangapi ya ukatili yamepokelewa mwaka huu, na yaliishia wapi?

Ukurasa huo ubandike kwenye ubao wa matangazo, pale panapobandikwa mapato na matumizi. Usiogope namba mbaya. Kijiji kilichobandika kwamba hati 9 tu kati ya 200 zina jina la mwanamke (natoa mfano) kimeshaanza kazi.

Hatua ya 2: Saa, siku na mahali pa kukaa

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Lakini ukiitisha saa mbili asubuhi mwezi wa Septemba, wanawake wengi wako kwenye foleni ya maji. Ukiitisha Januari asubuhi, wako shambani kwenye palizi ya uwele na mtama. Siku ya mnada ndiyo usiiguse kabisa. Saa tisa alasiri imefaa katika vijiji vingi nilivyopita, ila waulize wanawake wenyewe kabla ya kupiga mbiu.

Angalia pia watu wanavyokaa. Wanaume huja na viti na kuzunguka meza ya viongozi, wanawake hukaa chini pembeni ya mbuyu na watoto mapajani, nyuma kiasi kwamba mwenyekiti akisalimu kwa Kigogo "Mbukwenyi!" itikio lao halimfikii. Geuza meza ielekee upande wao. Kila ajenda mpe mwanamke nafasi ya kwanza au ya pili ya kuchangia, kwa sababu wazee watatu wakishasema hoja imefungwa, hata kama mwenyekiti bado anauliza "nani mwingine?"

Atatokea mzee atakayesema kwamba kwa mila zetu mwanamke hasemi mbele ya hadhara. Mjibu kwa heshima, na umjibu kwa mila hizohizo. Kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na kijiji kizima hucheza kwa mapigo yao. Watu waliowakabidhi wanawake ngoma kubwa ya shughuli hawawezi kusema kwamba sauti yao hadharani ni jambo geni.

Hatua ya 3: Viti vya kisheria vijazwe na watu wanaokuja

Sheria imeshaweka idadi. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na akidi yake, yaani idadi ya chini ya kuketi kikao, ni wajumbe wanne, wanawake wasipungue wawili. Kamati ya kijiji ya uhakiki wa ardhi haizidi watu tisa, na wanawake wasipungue wanne.

Kuhusu akidi naomba tuelewane vizuri. Baraza la ardhi likiketi na wanaume wanne bila mwanamke hata mmoja, halikuketi kisheria, na uamuzi wake una kasoro ambayo yeyote anaweza kuibua huko mbele. Mtendaji ndiye wa kusema, "Wazee wangu, leo hatuna akidi, tuahirishe." Ukisema hivyo mara mbili, mara ya tatu wajumbe wanawake watafuatwa nyumbani kwa pikipiki.

Usiteue majina kwa kuangalia nani ni mke wa nani. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulileta sura mpya, na nyingi zilikuwa hazijawahi kuketi kwenye kikao. Wape siku moja ya kujifunza kusoma bajeti na muhtasari kabla hujaanza kulalamika kwamba hawachangii.

Hatua ya 4: Ardhi. Hapa usikimbie

Mambo mengine yote yakikushinda mwaka huu, hili lishike.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo. Sheria inaitaka pia halmashauri ya kijiji isilipe ombi la mwanamke au la kikundi cha wanawake uzito mdogo kuliko ombi la mwanamume. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Holaria Pastory, mama wa Kagera, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume. Kwa hiyo mwenyekiti akisema "mila hairuhusu", anasimama juu ya kitu kilichokwisha kubatilishwa.

Sasa utendaji. Kijiji kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi, fanya hivi:

Kwanza, siku ya kugawa fomu za maombi, zigawe kwa kaya, si kwa mkuu wa kaya, na mume na mke wawepo wote wawili. Uliza kwa sauti: "Shamba hili mnalima nani na nani?" Jibu lao ndilo liandikwe kwenye nafasi ya waombaji.

Pili, kaya zenye wake zaidi ya mmoja, ambazo huku kwetu si chache, zisipewe hati moja ya jina la mume kwa kisingizio kwamba ni vigumu kuandika majina manne. Kwa desturi kila mke ana shamba analolilima na ghala lake. Pima kila shamba peke yake, uandike mume na mke wa shamba hilo. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona wake wadogo wakiachwa nje ya daftari kwa ajili ya uvivu wa kalamu tu.

Tatu, wakati wa kuhakiki mipaka, wanakamati wanawake waende shambani, wasiachwe ofisini kupika chai. Jirani mwanamke anajua mpaka ulipo, maana ndiye anayepalilia hadi kwenye mpaka huo.

Nne, kabla mwenyekiti na mtendaji hawajasaini, majina yasomwe kwenye mkutano. Mjane, mtalaka na binti asiyeolewa anayelima shamba la marehemu baba yake watajwe kwa majina yao. Baada ya hapo hati iingie masijala ya kijiji, na nakala ya muhtasari ihifadhiwe mahali ambapo mchwa hawafiki.

Nitaeleza kwa nini nakala hiyo ni muhimu. Katika kijiji kimoja wilayani Bahi alikuja mama mjane ofisini, kanga imefungwa fundo. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kufika. Mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Shemeji, hili ni shamba la kaka. Wewe tulikutolea ng'ombe." Mama hakubishana. Alifungua fundo, akatoa karatasi iliyokunjika mara nyingi: nakala ya muhtasari wa miaka iliyopita, halmashauri ya kijiji ilipomgawia mumewe eneo lile. Mtendaji wa wakati ule alikuwa ameandika majina yote mawili. Mtendaji wa sasa akafungua faili, akakuta maneno yaleyale. Baraza la ardhi lilimaliza shauri alasiri hiyohiyo. Miezi michache baadaye, kijijini hapohapo, mama mwingine alifika na malalamiko yaleyale. Jina lake halikuwamo popote. Aliondoka na watoto watatu akarudi kwa kaka zake. Nawakumbuka wote wawili kila ninapomwona mtendaji anajaza fomu haraka haraka.

Kama usuluhishi wa kijiji haukufaulu, mweleze mama njia iliyobaki: baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kamwe usimwambie "yaishe nyumbani". Msaidie pia kumpata msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na afisa maendeleo ya jamii anajua walipo.

Kwa wenyeviti wa mitaa ya Jiji la Dodoma jambo hili lina sura nyingine. Tangu serikali ihamie hapa na mji upandishwe hadhi kuwa jiji mwaka 2018, mashamba ya Nala, Ihumwa, Mtumba na Iyumbu yamegeuka viwanja. Siku ya uthamini, mwenyekiti wa mtaa ndiye shahidi. Mume anasimama mbele ya kamera, mke yuko nyuma anakunja maturubai ya kuanikia alizeti, na fidia inaingia kwenye akaunti ya mtu mmoja. Simamisha zoezi kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo yeyote anayekuja na mkataba wa mauziano umgongee muhuri, muulize kwanza: "Mwenzio yuko wapi?" Muhuri wako una nguvu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Bajeti na ile asilimia kumi

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mambo huamuliwa mapema zaidi. Vipaumbele vya kijiji hukusanywa kuelekea mwisho wa mwaka, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha vinapanda halmashauri, na baraza la madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ukikumbuka wanawake mwezi wa Machi, kwa sababu ya sherehe za Siku ya Wanawake za tarehe 8, bajeti imeshafungwa. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba kaa na wanawake peke yao, bila wanaume, uwaulize mambo matatu wanayotaka. Wanaume nao waulizwe peke yao. Orodha hizo mbili zisomwe kwa pamoja mbele ya mkutano. Mara nyingi nimeona maji na zahanati vikitangulia kwa wanawake, barabara na josho kwa wanaume. Mkutano ndio uamue, ila uamue ukiwa umesikia pande zote.

Kuhusu mikopo: kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023, ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10, Jiji la Dodoma likiwamo, zikateuliwa kujaribu kuutoa kupitia benki.

Kazi ya kijiji na kata ni kuhakikisha kikundi kinafika mezani kikiwa kamili: katiba, muhtasari wa kuomba mkopo, akaunti, usajili na andiko la mradi. Akina mama wengi wa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, wanajua kutunza fedha vizuri kuliko sisi, kinachowashinda ni andiko. Afisa maendeleo ya jamii akae nao siku mbili awasaidie, asiwaelekeze kwa mtu wa kuandika kwa malipo.

Diwani yeye ana kazi ya kuuliza kuhusu majira. Huku tuna msimu mmoja wa mvua. Mkopo wa mbegu za alizeti ukitoka Februari hauna maana tena, na kikundi kitakula mtaji kikisubiri. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wana kalenda yao, wauza mboga wa soko la Majengo wana yao. Kwenye kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango uliza swali moja kila robo mwaka: "Fedha za wanawake za robo hii zilitengwa kiasi gani, na zilitoka tarehe ngapi?" Tarehe iandikwe kwenye muhtasari.

Uangalie pia nani anaendesha mradi. Kikundi kina majina ya wanawake, lakini pikipiki iliyonunuliwa inaendeshwa na mume wa mweka hazina na hesabu hairudi. Suala hili linataka ziara ya kushtukiza, halitakwisha kwa semina.

Upo na mlango mwingine ambao vikundi vingi havijaugonga: sheria za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalum ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Usafi wa soko, chakula cha mikutano, ushonaji wa sare, hizi ni kazi ambazo vikundi vya kata yako vinaziweza. Wasaidie kujisajili.

Hatua ya 6: Ukatili, ukeketaji na ndoa za utotoni

Kwa mujibu wa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, unaoitwa MTAKUWWA, ambao awamu yake ya pili inaanzia 2024/25 hadi 2028/29, kila kijiji na mtaa unapaswa kuwa na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kama yako haijaketi miezi sita, ihuishe kwenye kikao kijacho. Ukutani andika namba za simu za afisa ustawi wa jamii, zahanati, dawati la jinsia na watoto la polisi, na 116 ya huduma kwa mtoto. Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya upesi, nguo zisifuliwe, na fomu ya polisi ya PF3 isiwe sababu ya kumchelewesha kupata matibabu. Mwenyekiti hana mamlaka ya kusuluhisha kesi ya ubakaji kwa ng'ombe wawili. Hana, hata familia zote mbili zikimbembeleza.

Ukeketaji umepungua mkoani kwetu. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa, na wa 2022 ulionyesha asilimia 18. Lakini msidanganyike na ukimya. Ukeketaji umekatazwa na sheria tangu 1998, na kwa sababu hiyo umehamia kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusimulia. Unafanyika kwa jina la lawalawa: mtoto anapata muwasho na uchafu sehemu za siri, bibi anasema dawa yake ni kukata. Mama mdogo anakubali kwa sababu anaona mtoto analia.

Hapa hotuba haitoshi. Dawa halisi iko zahanati: lawalawa ni maambukizi, yanatibika kwa dawa na usafi. Mganga mfawidhi apewe dakika kumi kila siku ya kliniki awaeleze akina mama, na bibi waalikwe kwenye kliniki hiyo, maana wao ndio wanaoamua. Muuguzi akiona mtoto aliyekatwa, alete taarifa kwenye kamati. Nakiri kwamba hii ni sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mkataji ni mtu tunayemwamkia shikamoo.

Kuhusu ndoa za utotoni, binti aliyezaliwa hapahapa Dodoma, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Mtendaji na mwalimu mkuu walinganishe daftari la shule na orodha ya mahari kila Julai, baada ya mavuno, wakati ng'ombe wanapotembea. Binti aliyekatisha masomo afuatwe nyumbani kwa jina.

Hatua ya 7: Maji, choo na soko

Hapa sina maneno mengi. Kwenye chombo cha maji cha jamii, mweka hazina awe mwanamke, na kituo cha kuchotea kipangwe na wanaochota. Soko lolote jipya lisipitishwe kabla ramani haijaonyesha choo cha wanawake chenye maji na komeo la ndani, taa, na chumba cha kunyonyeshea. Mgao wa vizimba ufanywe hadharani.

Hatua ya 8: Yatokanayo

Kila muhtasari huanza na yatokanayo na mkutano uliopita, na mara nyingi mwenyekiti huipita kwa sentensi moja ili kuwahi ajenda. Ipe nusu saa. Rudi kwenye ukurasa wako wa hatua ya kwanza, usome namba za zamani na za sasa. Hati 9 zimekuwa ngapi? Akidi ya baraza la ardhi ilitimia mara ngapi? Yule aliyeshauri kisima kitengenezwe, kimetengenezwa? Mwite kwa jina lake asimame aseme, na mtendaji aliandike jina hilo kamili, pamoja na kitongoji anachotoka.